Miti ya Wanawali wa Somo

Somo alimnusa mtu kabla ya kumwitikia. Ukisimama mbele yake ukasema shikamoo, kwanza pua yake ilisogea kidogo, kama ya paka aliyehisi kitu jikoni, ndipo akajibu marahaba. Sisi wapangaji wa ile nyumba ya Mtaa wa Sikukuu tulishazoea. Wageni ndio waliotaharuki. Alijua nani ametoka kuuguza hospitali, nani amedanganya kwamba ameacha sigara. Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda.

"Yule hanuki chochote," aliniambia siku moja, akimwangalia mwanamume aliyekuwa akifunga kufuli la stoo ya uani. "Nimejaribu miaka. Mtu asiyenuka chochote, mwanangu, ujue kuna kitu anakiosha kila siku."

Nilicheka. Nilikuwa kijana bado, na yule mwanamume alikuwa ametoka tu kuwapa wanangu pipi.

Kazi ya Somo ilikuwa kuwafunda wanawali. Msichana akikaribia kuolewa, mama yake au shangazi yake alimleta, akawekwa ndani, akasingwa mwili mzima mpaka ngozi ikang'aa, na akaambiwa yale ambayo mama hawezi kumwambia bintiye bila kuangalia pembeni. Mimi pia alinifunda. Mama yangu alikuwa Lindi, na mchumba wangu, fundi wa magari wa mtaa wa Gerezani, ndiye aliyenifikisha mlangoni kwa Somo, kisha akatimua mbio kwa aibu. Baada ya harusi tulipanga chumba katika nyumba hiyohiyo. Nikaweka cherehani yangu barazani, karibu na jiwe lake la kusagia, na tukakaa hivyo miaka mingi, mimi nashona, yeye anasaga na kusema.

Kusema kwake ndiko kulikonichanganya. Aliwafundisha wanawali kunyamaza, naye hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Aliwafundisha kumvumilia mume, na waume zake mwenyewe wote ni yeye aliyewaacha, mmoja kwa sababu ya kukoroma. Alisema mwanamke asipaze sauti, na siku ya mpira aliweka redio mapajani akamtukana refa kwa maneno ambayo wauza mitumba waliomba ayarudie polepole. Nilimuuliza kwa nini anafunza asichokitenda. Alinitazama kama vile nimemuuliza kwa nini jua ni kali.

"Ningefunza ninachokitenda," alisema, "nani angeolewa?"

Na hakupenda miti. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaosikia habari zake leo wakadhani alikuwa bibi wa mitishamba. Ile nyumba ilikuwa na mpapai uani. Aliusema kila siku, mara unaleta mbu, mara unaleta uchafu, mpaka mwenye nyumba akaukata na pale akamwaga saruji. Somo akatandika mkeka juu ya saruji ile akalala usingizi wa raha. Alikuwa mtu wa mjini hasa. Mbali alikokuwa amefika ni Bagamoyo na Unguja, na kote huko alilalamika. Msandali kwake haukuwa mti. Ulikuwa kipande kikavu kilichotoka kwenye gunia.

Kipande hicho ndicho kilichomlisha. Alikilowesha marashi akakisaga juu ya jiwe mpaka kikatoa uji mwepesi wa rangi ya chai ya maziwa, ndiyo liwa yenyewe, ya kumpaka bibi harusi. Unga wake aliuchanganya na waridi, asumini na karafuu ikawa singo; mwingine aliupika na sukari ukawa udi. Siku za kusaga, mtaa mzima ulijua. Mtu alikuwa akipita na mzigo kichwani anasimama, anavuta pumzi, halafu anaendelea.

Zamani alinunua sandali ya Bara Hindi kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka Kisutu, rafiki yake wa siku nyingi. Nakumbuka niliyoyaona mara ya mwisho nilipomsindikiza. Vipande vilivyokuwa vikirundikwa kaunta kama kuni sasa vilikuwa ndani ya kabati la kioo, na kabati lina ufunguo. Yule mama alitoa kijiti kisichozidi kalamu.

"Kwetu sandali inalindwa na watu wa bunduki sasa, Somo," alisema. "Watu wanauana porini kwa ajili yake. Chukua hiki. Mimi nitabaki na cha hekaluni."

Somo alikinusa kile kijiti, akakirudisha taratibu juu ya kioo. Njia nzima hadi nyumbani hakusema neno. Sikuwahi kumwona hivyo, na nilikuwa nikimtupia jicho kila hatua.

Basi ndipo Mpole alipopata nafasi. Jina hilo tulimpa sisi. Ndiye yule asiyenuka, aliyekodi stoo ya uani kwa biashara ambayo hakuna aliyeijua vizuri, mwanamume wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Alimletea Somo nusu gunia la mizizi yenye udongo mwekundu bado.

"Ya nini kuhangaika na ya Wahindi," alisema. "Hii ya kwetu hapahapa Afrika Mashariki. Jaribu."

Somo alisaga kidogo. Harufu haikuwa ileile, ilikuwa kali zaidi, lakini ilikuwa msandali. Hakuuliza inatoka wapi. Mpole alisema "huko juu, kaskazini," na kwa mtu wa Sikukuu kaskazini inaanzia Ubungo. Malori yalikuja mchana kweupe, yakashusha uani, na baada ya siku chache yakaja mengine kupakia. Shehena ilipita tu, ikaenda ilikokwenda. Somo alipewa masalio, naye aliridhika nayo.

Kadiri miaka ilivyokwenda ile mizizi ikapungua unene. Ya mwanzo ilikuwa kama paja la mtu. Ikaja ya unene wa mkono, ikaja kama mpini wa jembe. Siku moja Somo alitoa kwenye gunia mzizi usiozidi kidole chake. Aliuweka kiganjani akauangalia.

"Wanang'oa vitoto sasa," alisema.

Kisha akauweka juu ya jiwe akausaga. Nililiona hilo kwa macho yangu, na yeye mwenyewe baadaye hakutaka lifichwe.

Kulitokea mara moja mzigo ukachelewa. Mpole alipofika alimwomba Somo radhi kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Ajali ndogo, Somo. Lori lilipinduka njiani. Lakini usihofu, mzigo wote umefika."

Tulimpa pole. Akashukuru.

Haikupita muda mrefu, adhuhuri moja, Somo alikuwa anasaga liwa ya mwali wa Magomeni, mwanamke akasimama mbele ya baraza. Alikuwa Mmasai, mtu mzima, shuka begani, shanga za kuuza mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari. Nilidhani anauza shanga. Hakutuonyesha shanga. Alikuwa ananusa.

"Nimefuata hii harufu kutoka stendi ya mabasi," alisema. "Mimi natoka ng'ambo, upande wa Kenya, karibu na Namanga. Niite Mama Nasieku. Huo unaosaga ni mti wa kwetu."

"Karibu ukae," Somo alisema, maana hata akikasirika hakuacha kumkaribisha mtu. "Mti ni wa aliyenunua."

Mama Nasieku alikaa. Alizungumza bila kupaza sauti na bila kusimama, kama mtu aliyeyarudia maneno yake njia nzima. Kwao, alisema, kung'oa msandali kumekatazwa. Ukishikwa nao ni jela. Kwa hiyo wanang'oa kwao wanavusha Tanzania, ambako hakuna aliyekuwa anauliza. "Na siku kwenu mkikaza, watang'oa kwenu wavushe kwetu. Huu mpaka hausaidii mti hata kidogo. Unawasaidia wao."

Kisha akaeleza kilichomleta. Kijana wake wa pili alipewa kazi ya kubeba mizigo. Alipandishwa juu ya magogo, lori likakimbia kizuizi cha barabarani, likapinduka kwenye kona.

"Wakaja na lori lingine," alisema. "Walichukua magogo yote. Waliokota hata vipande. Mwanangu wakamwacha palepale kando ya barabara. Mimi ndiye niliyemkuta asubuhi, ameshapoa. Nimeambiwa magari hayo hushusha Kariakoo."

Mkono wa Somo ulikuwa juu ya jiwe. Niliuona ukisimama. Hakunitazama mimi wala yule mama, alitazama kufuli la stoo kule uani, na mimi nikasikia tena ile sauti ya upole ikisema mzigo wote umefika.

Somo aliinuka akaenda bombani. Alinawa, akarudi akakaa, akanusa viganja vyake, akaenda kunawa tena. Mwali wa Magomeni aliolewa bila liwa.

Jioni ile alimwambia Mama Nasieku kila kitu. Wangekuwa wengine wangenyamaza, na nadhani mimi ningenyamaza. Alisema, "Mzigo aliokuwa amepanda mwanao nimeusaga mimi." Mama Nasieku hakulia. Aliomba kipande kilichobaki, Somo akampa, akakifunga kwenye pindo la shuka lake.

"Sijakusamehe," alisema. "Ila nitarudi, kwa sababu wewe unawajua wanaonunua."

Alirudi kweli. Na mara ya pili aliondoka na Somo.

Ile safari ndiyo iliyombadilisha, ingawa yeye alikanusha, alisema alibadilishwa na maumivu ya kiuno kwenye basi. Alikaa kule karibu mwezi. Aliporudi alikuwa mweusi kwa jua na mkimya, akanisimulia vipande vipande. Milima imejaa mashimo. Msandali hung'olewa na shina lake lote, maana mafuta yako chini, kwa hiyo pale palipokuwa na mti panabaki tundu, na mvua ikija tundu linakuwa mfereji, na mfereji unapeleka udongo kwenye kijito wanachoteka maji. Wanawake wa kule walikuwa wakichemsha gome lake na maziwa kumpa mzazi aliyetoka kujifungua. Wengine sasa wanaolewa bila kuujua mti wenyewe. Ndege waliokula matunda yake hawaji.

"Nikavuka barabara kuja upande wetu," alisema, "nikasema huku angalau. Mwanangu, huku mashimo ni mapya zaidi. Udongo bado unanuka."

Aliacha kununua mizizi. Na kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo peke yake likamtosha, aliwaita wenziwe: somo wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja, wanawake wazima wenye midomo kama yake, wakajazana kwenye chumba chake siku nzima. Walibishana mpaka watoto wa jirani wakakusanyika dirishani. Nani atakubali kumtoa bibi harusi bila msandali? Wakwe watasema nini? Mwishowe walikubaliana kwamba hakuna kati yao atakayenunua tena, awe wa nchi gani, kwa sababu mmoja akinunua tu wote wamepoteza. Somo akaongeza lake. Kila mwali wa Dar apandiwe msandali upande wa Kenya, kwa kina Mama Nasieku. Kila mwali wa Mombasa apandiwe upande wa Tanzania, kwa wanawake wa Longido.

Nilimuuliza kwa nini wasipande kila mtu kwao.

"Wa kwako utausahau," alisema. "Ila mti wa binti wa watu ukikaa kwako, na wa binti yako uko kwao, wewe utalala?" Akacheka, na hakikuwa kicheko cha raha. "Usije ukasema Somo amehubiri upendo. Hii ni rehani."

Miche ya kwanza yote ilikufa. Wanawake wa Kenya walikuwa na mbegu, wakazipanda kwa mistari, safi, zimepaliliwa vizuri, zikaota na kukauka. Waliojua sababu walikuwa wa Longido, ambao hawakuwa na mbegu lakini walikuwa wameona porini kwamba msandali hauoti peke yake. Mizizi yake hushikana na ya mti wa jirani, hunyonya humo, ukiutenga unakufa. Wakapanda upya chini ya miti mingine ya palepale, ikashika. Kabla ya hapo pande hizo mbili zilikuwa hazijawahi kuulizana kitu kuhusu mti huo, nao uko kwenye mlima mmoja.

Sitaki kusema kila kitu kiliharibika, maana ipo miaka ambayo mambo yalikwenda vizuri na nina haki ya kuikumbuka. Vile viwanja vilizungushiwa miiba mbuzi wasiingie, majani yakarudi, na zile mvua za baadaye maji hayakuja mekundu. Mwanamke wa upande wa Kenya alishikwa na uchungu mto umejaa, na waliombeba hadi zahanati ya upande wa Tanzania ni wale waliokuwa wakitunza miti ya mabinti wa Kenya. Mombasa na Kariakoo wakapigiana simu za misiba na za harusi. Somo aliyefurahia mpapai kukatwa sasa alikuwa akiweka simu kwenye spika, mtaa mzima ukimsikia anauliza: "Huko imenyesha? Wa Zuhura unaendeleaje? Na ule uliopinda?" Miti aliiita kwa majina ya wanawali. Kwa mapato aliumia. Singo ya karafuu na waridi tupu wengi waliikataa, wakahamia kwa somo wengine, na alijua walikohamia, na alijua wale wengine wananunua kwa nani.

Mpole hakusema kitu miaka hiyo yote. Alilipia stoo, alisalimia, aliwapa watoto pipi. Wangu walikuwa wakubwa sasa, wakawa wanazipokea wanazitupa. Sikuwa nimewafundisha.

Baadaye katazo likawa moja pande zote mbili, na maofisa wa misitu wa nchi hizi mbili wakaanza kukaa meza moja. Tulishangilia. Somo peke yake hakushangilia. "Kitu kikishakuwa haramu kote," alisema, "ujue bei yake imepanda kote."

Alikuwa sahihi. Msimu uliofuata wanawake wa Longido waliona lori likipanda njia isiyo na kijiji mbele. Wakawapigia wa ng'ambo, wa ng'ambo wakawapigia maofisa wao, na maofisa wao wakawapigia wa kwetu. Zamani lori kama hilo lingevuka tu likawa salama. Safari hii lilisubiriwa kila upande, na lilikamatwa na mzigo wake. Halikuwa na jina la Mpole popote. Lakini stoo ya uani ikakaa tupu mwezi mzima, na harufu ikaondoka kwenye kuta.

Mpole alikuja barazani saa ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Alivuta kigoda akakaa karibu na Somo, akaiweka kofia yake gotini.

"Somo, wewe una watoto wengi hapa mjini," alisema. Ilibidi niache kukanyaga pedali ili nisikie. "Una mmoja anaolewa Ilala mwezi huu. Nyumba ya geti la kijani. Mwingine Temeke, baba yake ana duka la vyombo. Nimefurahi sana. Dunia ya sasa mbaya, uwaombee."

"Nawaombea," Somo alisema.

"Na wale wa huko juu. Wanakaa mbalimbali wale. Mtu akipata tatizo, mpaka mwenzake afike..." Hakumaliza. Alimtakia mchana mwema, akanitakia na mimi, akaenda zake.

Siku ya kuamkia harusi ya Ilala kulifika kifurushi kwenye nyumba ya geti la kijani. Kipande cha mzizi wa msandali, kibichi, kimefungwa kwenye kanga mpya. Hakuna aliyemwona mletaji. Temeke kikafika kingine. Na Magomeni, na Buguruni. Hakuna aliyeumizwa, na polisi walipoelezwa walisema zawadi si kosa. Ila akina mama si wajinga. Walielewa kwamba anayeleta zawadi anajua mlango, na mlango huo umejulikana kwa sababu ya Somo. Wakaacha kumletea mabinti. Mmoja alipita barazani kwetu akajifanya hamwoni, naye Somo ndiye aliyemfunda na kumsinga kwa mikono yake.

Sijui kama aliwalaumu. Alikaa na jiwe lake mbele yake, kavu, akisikiliza mpira bila kumtukana mtu.

Kisha nyumba ikauzwa. Kariakoo hilo si ajabu, nyumba zetu za vyumba sita zinabomolewa kila kukicha yanapanda maghorofa. Tulipewa muda wa kuhama, tukaambiwa mnunuzi ni kampuni. Siku ya kuja kupima kiwanja tulimwona Mpole amesimama katikati ya ua, juu ya ile saruji, anawaelekeza wapimaji kwa kidole. Alituona, akatupungia mkono. Somo alihamia kwa mpwa wake Mbagala. Sisi tukapata chumba Buguruni. Tulipigiana simu, kisha kwa nadra, kisha namba yake ikawa haipatikani.

Nilikutana naye mwaka huu, Gerezani, nikimpelekea mume wangu chakula gereji. Alikuwa kwenye duka la vifaa, amevaa raba na baibui, juu ya baibui ametupia shuka la Kimasai, ananunua turubai na tochi. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akanishika mkono akanivuta pembeni ya duka, na kabla hata sijamuuliza hali akasema:

"Imezaa."

"Nini, Somo?"

"Miti. Ina matunda mekundu, madogo kama shanga."

Nikamkumbatia. "Hongera!"

"Usinipe hongera." Alitazama pande zote mbili za barabara. "Ile miti ina dume na jike. Wanaotaka mafuta wanataka jike. Ikiwa michanga huwezi kujua ipi ni ipi, sisi hatujui na wao hawajui. Ndiyo imetulinda miaka yote hii. Sasa jike limezaa, linang'aa, unaliona toka barabarani. Tumewawekea alama wenyewe."

"Mpole anajua?"

"Alinipigia kabla ya Mama Nasieku. Namba yangu mpya, sijui kaipata wapi. 'Hongera, Somo,' akaniambia. 'Nasikia wanawali wamezaa.'"

Gari la mwendokasi lilipita, likatulia kituoni. Aliniambia yuko kule tangu matunda yaanze. Wanawake wanalala kwenye viwanja kwa zamu. Wa Longido wanalinda miti ya wanawali wa Kenya, wa Kenya wanalinda ya wanawali wa huku, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Wamekuja na wengine kutoka Mombasa, na wanawali wake wawili wa zamani kutoka Dar, wamewaacha waume zao wanapika. Wanachuma mbegu kila siku wanazigawa pande mbili, ili yeyote atakayeng'olewa miti yake akute mbegu zake ziko kwa mwenzake.

"Na maofisa?"

"Wanakuja. Siku hizi wanakuja pamoja, wa huku na wa huko, gari moja. Lakini ni gari moja, mwanangu, na milima ni mingi."

Nilimwambia arudi. Nilimwambia umri wake si wa kulala nje, kwamba kuna vijana, kwamba amefanya vya kutosha. Alinisikiliza huku akikunja turubai lake dogo dogo mpaka likaingia kwenye mfuko.

"Naogopa," alisema. "Ukinisikia nasema siogopi, ujue nimeanza uongo. Kuna lori. Linapita kila jua likikaribia kuzama, polepole, halisimami wala halipigi honi. Dereva hatazami pembeni. Likishapita tunapigiana simu, tunaitana majina, wa huku na wa ng'ambo, mmoja mmoja."

Alikuwa anakwenda Mbezi kupanda basi. Nilimbebea mfuko hadi kituoni. Gari lilipofungua milango nilimuuliza, kwa sababu nisingeweza kurudi nyumbani bila kuuliza, "Na mkiitana?"

Somo aliupokea mfuko, akapanda, akageuka mlangoni.

"Mpaka juzi nilipoondoka," alisema, "wote walikuwa wanaitika."